Vidole vya Fundi

Fundi wa gereji ya jirani huosha mikono kwa dizeli kabla ya kushika ekseli, kama mtu anayejiandaa kula. Sili ya ekseli ya nyuma ya pikapu yangu, ule mpira unaozuia oili isitoke, aliibadilisha mwezi uliopita. Ikavuja tena, oili ikalowesha breki, gari likakataa kusimama mteremkoni, na wanangu wamo ndani. Leo alichomoa ekseli, akang'oa beringi, akapitisha kidole pale sili inapokaa. Akarudia mara tatu.

“Dada, hebu gusa hapa. Pana mkwaruzo?”

Nikagusa. Ulikuwa mkali kama ukingo wa kucha, wa kutosha kuchana sili mpya.

“Upo, fundi.”

Akavitazama vidole vyake. “Mimi siusikii. Vimekufa ganzi tangu mwaka jana.”

Akafuta spana zake taratibu, akanielekeza gereji ya mshindani wake.