Tangi Lisilotaka Gundi

Mwalimu wetu wa kemia aliijua polima kama kasuku anavyojua salamu. Alisimama ubaoni, tai shingoni katika joto la Garissa, akatueleza habari za etheni: gesi ya vijimolekuli vidogo, kila kimoja na kifungo maradufu. Vibane kwa joto na shinikizo, alisema, kifungo kimoja kinafunguka, vinashikana mikono maelfu kwa maelfu, na mnyororo huo mrefu ndio plastiki ya jerikani. Mikono yote imeshashikana, haubaki hata mmoja wa kumshika mgeni. Akapiga mstari kwa chaki nyekundu, akajisikia.

Wiki hiyohiyo tangi jeusi la bweni likapata ufa. Hatukuwa na jingine, na lori la maji lilikuja mara moja kwa wiki. Mwalimu akajitolea kuliziba. Kwa kitu gani? Kwa gundi! Alinunua ile ya mirija miwili, akaikoroga mbele yetu kama mganga, akaipaka juu ya plastiki ileile isiyo na mkono wa kumshika mgeni. Elimu yake iliishia kwenye chaki.

Mimi nilijua. Habaryar wangu, mdogo wake mama, alikuwa akiziba majerikani sokoni. Shule hakuikanyaga hata siku moja. Alichuna unyuzi wa plastiki, akauchoma, akanusa. Ukinuka mshumaa, alitafuta kiraka kinachonuka vivyo hivyo, akaviyeyusha pamoja kwa kisu cha moto. "Blastiki nataka ndugu yake na moto," alizoea kusema. "Gundi ni ya karatasi." Moto hulegeza minyororo, ya kiraka na ya jerikani ikasukana. Hilo mwalimu hakulitaja, na habaryar hakuhitaji kutajiwa.

Lakini bwenini nilikuwa nimewaambia wenzangu kwamba habaryar anauza nguo. Niliionea haya mikono yake yenye makovu na buibui lake linalonuka moshi wa plastiki. Basi nikafunga mdomo, nikamdharau mwalimu kimyakimya, dharau rahisi isiyomtoa mtu jasho.

Lori likaja asubuhi, tangi likajaa. Kufikia alasiri gundi ilikuwa imebanduka nzima kama gamba la kidonda, na maji ya wiki yamekuwa tope la kukanyagwa na mbuzi. Siku tatu tulitayamamu kwa mchanga na kunywa kikombe kimoja kimoja. Msichana wa kidato cha kwanza alizirai gwarideni. Mwalimu alisema ameuziwa gundi feki.

Siku ya nne mwalimu mkuu akaita fundi kutoka sokoni. Akaingia habaryar, na jiko la makaa na kipande cha tangi bovu. Nilikuwa nimesimama mbele kabisa. Badala ya kumsalimu, nikainama kufunga kamba ya kiatu. Macho yake yalinifikia, yakasita kidogo, yakapita.

Alinusa, akayeyusha, akakandamiza, akapoza kwa kitambaa chenye maji. Haikumchukua hata saa moja. Kisha akamgeukia mwalimu wa kemia.

"Mwalimu, wasichana yote hii, hakuna moja najua hii kazi?"

"Hakuna, mama."

Habaryar akanitazama, akangoja. Nikageuka kulitazama tangi. Akafunga kisu chake kwenye kitambaa, akabeba jiko, akaenda zake.