Fungua Mpira wa Breki Kabla Hujainua Gari

Naikumbuka vizuri siku ile, mwanangu, maana ndiyo siku pekee niliyomsikia baba yangu akipiga yowe. Baba alikuwa mkulima wa korosho kule Vihingo, mtu wa maneno machache. Hata nyoka alipoingia jikoni alisema tu, "Mtoeni." Lakini siku hiyo alipiga yowe, tena mbele ya kijana aliyekuja kuniposa.

Kijana mwenyewe ndiye huyu mume wangu Hamisi, unayemwona leo amekaa kwa upole kana kwamba hajawahi kumtisha mtu. Wakati ule alikuwa fundi gereji pale Visiga, na alikuwa na Landrova kuukuu aliyoachiwa na mjomba wake. Mara ya kwanza alipokuja kwetu ilikuwa masika. Njia yetu ilikuwa na tuta refu katikati, gari likalalia tumbo, magurudumu yakawa yanazunguka bure kwenye tope. Kaka zangu wakalisukuma mpaka uani. Baba akazitazama kanzu zao zilivyochafuka, akauliza, "Huyu amekuja kuoa au kusukumwa?"

Neno hilo lilimchoma Hamisi. Akarudi Visiga na azma moja: kuliinua gari lake. Akapata springi ndefu kwenye gari bovu, akapiga jeki, akatoa za zamani, akafunga hizo ndefu.

Sasa nisikilize hapa, hata kama huna gari. Breki hufanya kazi kwa mafuta yanayopita kwenye bomba jembamba. Karibu na gurudumu bomba hilo huwa ni mpira, ili gurudumu lipate kupanda na kushuka. Kwa juu, mpira umebanwa kwenye kishikio cha chuma kilichoko kwenye bodi. Kwa chini, umefungwa kwenye ekseli. Ukiliinua gari, bodi inakwenda juu, ekseli inabaki chini, na mpira katikati unavutwa pande zote mbili. Kwa hiyo fundi huufungua kwanza kwenye kishikio, halafu akakishusha kishikio hicho au akaweka mpira mrefu zaidi. Hamisi aliyajua hayo yote. Zuberi, fundi mwenzake, alimwuliza kabisa, "Mbona hufungui mpira?" Akajibu, "Si mpira huo? Utavutika." Kichwani mwake hamkuwa na breki tena, mlikuwa na harusi.

Basi akaja. Gari lilipita juu ya lile tuta bila hata kuligusa, na majirani wakatoka kutazama. Baba alikuwa hajatoa jibu la posa. Alitaka kwanza apaone huko Visiga nitakakopelekwa. Akakaa mbele. Mimi nikakaa nyuma na Shangazi Tatu, dada yake baba, ambaye alipanda kwa kukanyaga kigoda, na bado ilibidi nimsukume kwa bega.

Tulikwenda vizuri mpaka kwenye mteremko wa kutokea kijijini. Gurudumu la mbele likaingia shimoni, tukasikia kitu kimekatika chini. Hamisi akakanyaga breki, mguu ukagonga sakafu.

"Punguza mwendo," baba akasema.

"Napunguza, mzee."

"Mbona miti inazidi kukimbia?"

"Breki zimekwenda, mzee."

"Zimekwenda wapi?"

Hamisi hakuwa na nafasi ya kumfafanulia. Akavuta breki ya mkono. Ikang'oka, akabaki nayo mkononi. Baba akaitazama, akamtazama na yeye. Shangazi akaanza kupiga shahada, akaikatiza katikati alipoona usukani unapinda: "Si huko! Huko shamba la mjumbe!" Lakini ndiko tulikokwenda. Tukafyeka mihogo ya mjumbe mstari mzima, tukaparamia kichuguu, na gari likanasa pale juu, pua ikitazama mawinguni. Hapo ndipo baba alipopiga yowe. Alimwita mama yake, mwanangu, aliyekwisha kufariki zamani.

Vumbi likatulia. Shangazi akapapasa kichwa, akaona ushungi bado upo, akasema, "Haya, sasa ndiyo limeinuka."

Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi. Hamisi akaingia uvunguni, akatoka na kipande cha mpira, uso umejaa mafuta. Hapo niliogopa kuliko kwenye mteremko, maana nilimjua baba. Mzembe, baba angeweza kumsamehe. Mwongo, hapana. Na shimo lilikuwa pale pale, kubwa, tayari kubeba lawama.

"Shimo halina kosa, mzee," Hamisi akasema. "Mpira umekatika kwa sababu sikuufungua nilipoinua gari. Mwenzangu aliniuliza, nikampuuza. Ningewaua."

Baba akakung'uta kofia yake. "Ungeweza kusema ni shimo."

"Ningeweza."

"Na mimi nisingejua."

"Usingejua, mzee."

Baba akaivaa kofia. Halafu akasema, "Kamwombe radhi mjumbe. Kisha litengeneze hapa hapa, nikiona."

Kesho yake gari lilishushwa kwa nguvu za kijiji kizima, mjumbe mwenyewe akiwa msimamizi. Zuberi alileta mpira mrefu kutoka Mlandizi. Safari hii Hamisi alikishusha kishikio, akafunga mpira, akaliacha gurudumu lining'inie mpaka mwisho, akalikata kulia na kushoto kuona kama mpira unabana popote. Haukubana. Ikabaki kutoa upepo kwenye breki, na kazi hiyo inataka mtu wa kukanyaga pedali. Zuberi alikuwa ameshaondoka. Baba akapanda.

Hapo sasa! Hamisi yuko chini ya gari, mkwe mtarajiwa yuko juu, na kazi yenyewe ni ya kuamriana.

"Shikamoo mzee, naomba ukanyage."

"Marahaba. Nimekanyaga."

"Ahsante. Kama hutojali, ushikilie hapo hapo. Sasa, samahani sana, uachie."

"Wewe kijana!" baba akafoka. "Mafuta yanamwagika na wewe unaleta adabu! Sema kanyaga!"

"Kanyaga!"

"Ehe!"

"Shikilia!"

"Nimeshikilia!"

Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. Walipomaliza, baba akasema twende Visiga. Kwenye mteremko ule ule akamwamuru Hamisi asimamishe gari. Likasimama. Tukaenda kidogo, akamwamuru tena. Likasimama. Tulifika Visiga shingo zinatuuma, lakini jioni hiyo baba alitoa jibu, na jibu lilikuwa ndiyo.

Mwanangu, maana nakuhesabu mwanangu ingawa sikukuzaa, nimekueleza haya kwa sababu nasikia umepata kazi nzuri, na unataka kuhamia mjini mwezi huu huu. Nafurahi. Inuka. Kijana asiyetaka kuinuka anatusikitisha sisi wazee. Ila kabla hujainuka, ingia uvunguni ukatazame nani amefungwa kwako. Yupo mama yako aliyezoea kukuona kila asubuhi. Yupo mchumba anayesubiri neno lako. Usiseme watavutika tu. Kaa nao, waambie unakwenda wapi na lini utarudi, wape nafasi ya kukufuata. Mtu akivutwa kimyakimya hapigi kelele. Utamsikia siku amekatika, nawe uko mteremkoni.

Na ukikosea, maana utakosea, usilisingizie shimo. Sema mwenyewe, mapema, kwa maneno mepesi. Mimi niliolewa kwa sababu kijana mmoja alisema kweli akiwa amepakaa mafuta usoni, na sijajuta, ingawa mpaka leo akiendesha yeye mimi nakaa nyuma.

Nenda, mwanangu. Mungu akupandishe juu kadiri ya dua za mama yako, akupe moyo wa kusimama pale panapotakiwa kusimama, na kila aliyeshikamana nawe afike salama pamoja nawe. Amina.