Siku Niliyokwama Kwenye Mlango Niliouchora Mwenyewe

Aibu ni yangu, kwa hiyo acheni niisimulie mwenyewe, maana huko Korogwe mjini wanaisimulia na kuitia chumvi.

Mimi kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba. Nilipewa kuchora makazi ya wazee, majengo matatu kwenye kiwanja kimoja: la wanaojiweza, la wanaohitaji kusaidiwa kuoga na kukumbushwa dawa, na la wasioinuka kitandani, ili mzee hali ikibadilika ahamie jengo la jirani tu, asitengane na rafiki zake. (Ramani ile nilipoimaliza nililia, sioni haya kusema.) Kosa langu lilikuwa dogo, fundi seremala wa Mkumbara aliniuliza upana wa milango ya bafu, nami nina haraka zangu, nikapima kiti cha magurudumu tairi hadi tairi, nikaongeza vidole viwili, nikasema inatosha.

Siku ya kuonyesha jengo la pili wakaja wageni, na wazee wenyewe kutoka Kerenge mpaka Kwaluguru. Mgeni rasmi akasimama mlangoni mwa bafu, akauliza, "Mwenye kiti cha magurudumu ataingiaje humu?"

Ningejibu kwa mdomo yangeisha, lakini kiherehere changu, nikakaa kwenye kiti cha magurudumu kilichokuwa pale, na dera langu jipya, nikajisukuma kwa kasi, viwiko vikagonga fremu, vidole vikabanwa, kiti kikakaa upande, nikajaribu kurudi nyuma kumbe dera limejisokota kwenye gurudumu, nikavuta, likachanika mpaka kiunoni (namshukuru Mungu nilivaa suruali ndani). Watu wote wakaangua kicheko.

Aliyenisogelea ni Bibi Mwanaidi, mkunga mstaafu wa Handeni, na mkongojo wake.

"Shikamoo bibi," nikasema, maana ningesema nini kingine?

"Marahaba. Usisukume. Waliokwama nimewatoa wengi, tena wadogo kuliko wewe. Shusha bega la kulia. Pumua."

Nikatoka, na akina mama wakapiga vigelegele kama kweli kazaliwa mtu!

Bibi hakucheka. "Kabla ya kuchora, ulimuuliza mzee gani?"

"Hakuna, bibi."

"Basi chukua futi yako twende."

Tukazunguka chumba kwa chumba, akanishushia swichi, akanihamishia vyuma vya kushikilia, vizingiti vyote akavikataa. Fremu zikang'olewa, milango ikapanuliwa. Tangu hapo nimeapa sichori hata dirisha kabla sijakaa na atakayelitumia.

Sasa makazi yamejaa. Mwezi uliopita miguu ya Bibi Mwanaidi iligoma, akahamia jengo la pili. Nilipokwenda kumjulia hali nikamkuta anatoka bafuni kwenye kiti, anajisukuma mwenyewe, huku anabishana na jirani yake ni nani aliyeunguza ugali, akapita mlangoni bila hata kuutazama. Sikumwita kwanza. Nilisimama pale koridoni nimevimba kichwa, namwangalia anavyopita.