Hiyo Si ya Redio

Hapa Sosiot, ukituma mtu chumvi akuletee magadi, unamwambia, "Wewe umesikia kama Mama Ouko." Mwalimu anaambia watoto hivyo kwa darasa. Hata pasta alishasema akihubiri, kanisa ikacheka, na mimi nimekaa hapo na Biblia kwa magoti.

Mama Ouko ni mimi. Jina ya kuzaliwa ni Aluoch. Kura mbili zimepita nikiuza omena, dagaa ya ziwa, kwa hii soko, na hiyo maneno inanirukia kwa meza kama nzi. Na masikio yangu haina shida yoyote. Nasikia jirani akitukana bwana yake kwa kunong'ona, na ukuta iko katikati.

Aliyeniharibia jina ni Noah, kijana wa redio. Lakini Noah simtaki sana kwa hii hadithi, mdomo yake ni ya kukodisha. Nataka kusema juu ya mama yake, Chepkurui. Huyo ndiye nilikataa kusamehe.

Nilikuja huku kutoka upande wa ziwa nikiwa bibi mpya wa Alfayo, alikuwa fundi kwa kiwanda ya chai. Kampuni ikanipea kikapu. Sikujua kuchuma, sikujua baridi, sikujua lugha ya mtu yeyote. Chepkurui alikuwa kwa laini ya chai iliyopakana na yangu. Mrefu, mikono miwili inaenda kama miguu ya kuku ikichakura, na anaimba nyimbo za kanisa kwa pua. Siku ya kwanza akaangalia kikapu yangu, akacheka mpaka akashika mti ya chai.

"Nyar nam, binti wa ziwa, hiyo ni chai ama umekatia ng'ombe?"

Huyo ndiye alinifundisha majani mawili na chipukizi. Huyo ndiye alinifundisha Kipsigis. Alianza na matusi, akasema salamu nitaokota mwenyewe njiani. Ananiambia neno, narudia, nikikosea ananitupia jani. Ilifika mahali msimamizi mgeni akaniuliza nimezaliwa Bomet upande gani. Chepkurui akamjibu, "Boito, ni dada yangu," na tukacheka hiyo siku yote.

Noah wake na Ouko wangu walilelewa pamoja. Noah alikula samaki kwangu mpaka mama yake akaniuliza kama nataka kumgeuza Mjaluo. Akasoma, akaingia redio. Akianza kusoma habari, Chepkurui alikuwa anafunga redio kwa kamba ya kikapu, anachuma nayo. "Nyamazeni, mtoto anaongea!" Na sisi tunanyamaza.

Sasa mashine za kuchuma chai zikaanza kusemwa. Kampuni ikatuita, ikasema anayetaka kuenda mapema aweke sahihi, apewe pesa ya mkono wa kwaheri na aende kwa heshima. Anayengoja, mashine ikija, atapata barua ya kufutwa tu. Tukashindwa kuamua. Mtu amechuma chai maisha yake yote, unamwambia aweke sahihi aende wapi?

Mheshimiwa wetu wa bunge akakuja kwa uwanja. Jina yake sitaji, hajawahi kuninunulia hata soda. Ilikuwa wakati wa kampeni. Akapanda juu ya gari, akasema mashine ikitaka kuingia hapa itapita juu ya mwili wake. "Wamama, msiweke sahihi! Mkiweka mmeniuza!" Tukapiga makofi mpaka mikono ikawasha. Noah alikuwa amemshikia maikrofoni, na jioni hiyo redio ikasema vile vile, neno kwa neno.

Lakini kabla ya jioni kulikuwa na chakula. Walikula kwa holi ya kampuni, wakubwa na watu wa redio, na mimi nilipewa beseni na jagi ya maji moto niwanawishe. Chepkurui alikuwa nyuma anasonga ugali. Nikafika kwa mheshimiwa. Aliniangalia juu mpaka chini, akaona mama wa ziwa na beseni, akaona ni kama kiti. Akaendelea kuongea na Noah kwa Kipsigis, maji ikimwagika kwa vidole.

Alisema mashine zimeshanunuliwa, ziko njiani. Hakuna mtu anaweza kuzuia, yeye mwenyewe alishaambiwa. Akasema mama mwenye akili angeweka sahihi leo. "Lakini wakiweka sahihi watahama, na wakihama nani atanipigia kura? Wacha wapige kwanza. Kulia watalia baadaye, hawa wamezoea kulia."

Halafu akaona kile kidude cha Noah cha kunasa sauti kiko kwa meza. "Noah, hiyo si ya redio."

Noah akacheka. Akachukua kitambaa ya kupanguza mikono, akafunika kile kidude kama mtu anafunika maiti. "Mimi nakula tu, mheshimiwa."

Na mimi nikamwaga maji kwa mikono yake pia. Huyo mtoto nilimpanguza kamasi. Hakuniangalia kwa macho.

Nilitoka hapo nikaambia wamama wote kwa mahali pa kupimia chai. Nikawaambia maneno vile ilikuwa, kwa Kipsigis yenyewe. Wakaogopa. Mmoja akasema, "Si Noah alikuwa hapo? Aitwe." Akaitwa. Akakuja na shati nyeupe, wamama wakamzunguka.

"Noah, mheshimiwa alisema hivyo?"

Akapangusa mdomo. "Hakuna kitu kama hiyo. Mama Ouko, na heshima, Kipsigis yake ni ya soko. Anajua bei. Maneno ya ndani inampita."

Watu wakacheka kidogo, ile ya kutoa hofu. Mimi sikumwangalia Noah. Niliangalia Chepkurui. Yeye ndiye anajua. Kila neno kwa kichwa yangu alipanda yeye. Nikangoja aseme hata kitu moja, hata atukane, nitajua yuko na mimi.

Akainama, akapanga majani kwa kikapu. Akasema, "Mtoto ni wa redio. Anajua habari ni nini." Basi. Hapo ndipo aibu ilinishika kwa shingo na haijaniacha.

Nilifuata Noah mpaka kwa geti. Nikamuuliza, "Umenifanya mwongo mbele ya watu wangu. Kwa nini?"

Akaongea pole pole kama mtu wa benki. "Mama, elewa. Mtu mkubwa akikwambia kitu kwa meza akisema si ya redio, hiyo si habari. Ni uaminifu. Nikiitoa leo, kesho hakuna mtu ataniita, na nyinyi mtapata wapi habari?"

"Kwa hivyo habari ni ile uongo alisema juu ya gari?"

"Ile alisema mbele ya watu."

"Ile alisemea watu! Ile ya meza alisema kwa sababu ni kweli. Wewe umebeba uongo kwa maikrofoni, ukweli umefunika na kitambaa."

"Mama Ouko, hata kwenu, mgeni akila, maneno yake inatangazwa?"

Hapo alinikata. Ni kweli nyumbani mama yangu alinifundisha maneno ya mgeni isivuke mlango. Nilienda nyumbani nikijiuliza kama mimi ndiye sina adabu. Lakini mgeni akisema kwa meza yako ati atachoma nyumba ya jirani, unamwongezea mboga? Hiyo jibu ilinijia baadaye, Noah ameshaenda. Majibu yangu mazuri yote huja mtu ameshaenda.

Kitu ilinimaliza si kucheka ya watu. Ni kwamba nilianza kushuku masikio yangu mwenyewe. Usiniulize vile mtu anafikishwa hapo. Watu mia wanakwambia hukusikia, na rafiki yako anapanga majani. Nikaanza kusema labda, labda. Na sikuweka sahihi. Vile nilijua, hakuna mama kwa laini yetu aliweka.

Mheshimiwa akapita kwa kura. Mashine zikakuja, na yeye hakulala chini ya hata moja. Tukapewa barua na siku za kutoa vitu kwa nyumba za kampuni. Alfayo alikuwa ameshakufa, nikabeba kitanda na sufuria nikapanga chumba hapa Sosiot. Ndipo nikasikia Chepkurui ananunua shamba kidogo na anajenga mabati. Na nini? Na mkono wa kwaheri. Aliweka sahihi wiki ile ile ya mkutano. Kumbe Noah alimwambia jikoni kwao kile aliniambia hakikusemwa.

Tangu hiyo siku sikumsalimia. Tukikutana kanisani nilikuwa naangalia kofia yake tu. Yeye alinunua omena kwa watu wengine, ile yenye mchanga. Sawa, akule mchanga.

Juzi kanisa ikafanya harambee ya paa, na mgeni wa heshima alikuwa nani? Huyo huyo. Sasa anataka kura za wakulima wadogo, anaahidi bonasi. Noah hayuko kwa redio tena, anamuandikia mheshimiwa maneno na kumbebea simu. Mimi niliitwa kupika samaki kwa pesa. Chepkurui ndiye mkubwa wa wamama. Tukakaa jikoni moja tukimenya viazi, yeye kona yake, mimi yangu, na karai katikati.

Noah alikuwa ameoa juzi juzi, msichana anaitwa Chepngeno, wa Boito. Mtoto mzuri, hajui watu bado. Akatuma mwenzake majani ya chai, akaletewa kahawa. Akapiga makofi. "Haki wewe, umesikia kama Mama Ouko!"

Visu vyote vikasimama.

Msichana akaangalia huku na huku. "Nimesema nini?"

Mimi nikamwambia, "Hakuna, mwanangu. Mama Ouko ni mimi. Menya viazi."

Akafunika uso na mikono miwili. Alilia, na hakuwa na kosa. Mimi sikuangalia yeye, niliangalia mama mkwe wake. Chepkurui alikuwa na kiazi kwa mkono, anakimenya kile kimeshamenywa, mpaka kikabaki kama jicho ya mbuzi. Halafu akaamka. Akachukua beseni na jagi kutoka kwa msichana mwingine, yule wa kunawisha. "Leta. Leo nitanawisha mimi."

Nikafuata na sahani ya samaki, kwa sababu nilimjua huyo mwanamke, na miguu yake haikuwa inatembea kama ya mtu wa kunawisha wageni.

Akamwagia mheshimiwa maji vizuri. Akafika kwa Noah. Noah akanyoosha mikono, anaongea na mtu mwingine. Maji haikuja. Akageuka.

"Mama?"

"Waambie hawa kile uliniambia ile siku ya mkutano wa mashine."

"Mama, si hapa. Watu wanakula."

"Hata ile siku walikuwa wanakula."

Noah akabaki na mikono hewani, kavu, kama mtu anaombea mvua. Chepkurui akaweka jagi chini. Maikrofoni ya pasta ilikuwa kwa meza, akaichukua. Ile kitu ikapiga kelele ya chuma, watu wote wakageuka.

Mheshimiwa akacheka na meno. "Mama yetu, hayo ni mambo ya jikoni. Si ya maikrofoni."

"Ni ya maikrofoni," Chepkurui akasema, na kanisa yote ikasikia. "Mama Ouko alisikia vizuri. Huyu alisema mashine zimenunuliwa, na mpige kura kwanza, mlie baadaye. Mtoto wangu aliniambia na mdomo yake. Mimi nikaweka sahihi nikanyamaza. Lugha ya huyu mama nilimfundisha mimi, hakuna neno inampita. Mimi ndiye mwenye aibu, si yeye."

Hakuna mtu alipiga makofi. Wamama wa laini yetu, wale walibaki na barua, waliangalia sahani zao. Pasta alitafuta kitu chini ya meza. Noah aliweka mikono kwa mapaja, akapanguza maji yenye haikumwagwa.

Chepkurui akanigeukia. Akaniuliza kwa Kipsigis, na maikrofoni bado iko wazi kwa mdomo, "Aluoch, umesikia?"

Sikumsamehe. Wacha nisidanganye mtu kwa ajili ya kanisa. Lakini niliweka sahani ya samaki chini, nikamjibu kwa Kipsigis, ya ndani kabisa, polepole, wale wa nyuma pia wasikie.

"Nimesikia. Na ile siku pia nilisikia."