Niliitia magadi asparagus: uzoefu wangu wa kupika mboga hii nyumbani Muleba

Wakuu, salaam kwenu wote wa jukwaa la mapishi.

Nianze na kosa kabisa. Asparagus ya kwanza niliyoivuna kwa mkono wangu niliichemsha na magadi. Ndiyo, magadi haya haya ya kulainishia mboga ngumu. Nitakayoandika hapa yametokea nyumbani kwetu, na pale nilipochekesha sitapafuta.

Mimi nimepanga Kitendaguro, Bukoba mjini, natengeneza simu. Kupika nimejifunza mwenyewe kwa video. Nina tatizo moja: kitu kisipotoka kama kwenye video, silali vizuri.

Nyumbani ni Muleba, kwa mama. Huko ndiko nilikootesha mbegu za asparagus, pembeni ya kibanja chetu cha migomba na kahawa.

Kwa wasioijua: ni mboga inayochomoza ardhini kama vidole vya kijani. Unakata kikiwa bado kidole. Ukichelewa, kinarefuka na kutoa majani membamba kama manyoya. Na mwanzoni unatakiwa uache tu vikue hivyo, misimu kadhaa, ili mizizi ipate nguvu. Kwa hiyo kwa muda mrefu mama aliona manyoya tu.

Shida ikaletwa na shangazi, dada wa marehemu baba, aliyeolewa Kashozi. Alikuja kutusalimia, akayaona yale majani, akakata mzigo mzima kwenda kupambia maua ya kanisani.

Mama akaniita pale pale.

"Kumbe umenipandia mapambo kwenye kibanja?"

"Ni mboga, mama."

"Mboga isiyojua ebitoke si mboga ya nyumba hii. Mvua zikianza, hapo naweka migomba."

Wasio wa Kagera mnielewe: ebitoke ni ndizi zetu za kupika, na kibanja kilicho mlangoni ni mahali pa chakula. Mama hakuwa mkorofi. Alikuwa na haki. Ilibaki kwangu kumwonyesha kuwa ile ni chakula, kabla ya mvua.

Machipukizi ya kwanza yalipofaa kukatwa, nikakurupuka. Nilikuwa nimeangalia video nyingi mno, lakini nikajiambia hapa kwetu watu wanapenda mboga iliyoiva ikaiva. Nikaikata vipande na shina lake lote, nikatia sufuriani, nikanyunyiza magadi kama mama anavyofanya kwenye kisamvu.

Wakuu, rangi ilikuwa nzuri ajabu. Ila ncha ziliyeyuka zikawa uji, na vipande vya chini vikabaki nyuzi kama makapi ya muwa. Harufu ya sabuni juu.

Mama alitafuna, akatafuna, akatoa nyuzi mdomoni akaziweka pembeni ya sahani.

"Hii umepika au umefua?"

Shangazi naye alikuwepo, hakuniacha. "Nshomile wetu! Hata YouTube wanaweka magadi?"

Nshomile ndilo jina tunalotaniwa nalo Wahaya kwa kujifanya tumesoma sana. Siku ile lilinikaa sawasawa.

Nilirudi mjini nikiwa mdogo kama kidonge cha piritoni.

Asparagus haikuwa nyingi kiasi cha kuichezea, kwa hiyo nikawa nafanyia mazoezi maharage machanga ya kijani, yale ya maganda. Nayaweka kwenye maji yanayochemka, naonja, natoa, naonja tena. Jirani yangu akadhani nimeacha kula nyama. Lakini nilielewa jambo: mboga changa inataka moto mfupi na usimamizi, haitaki kulainishwa.

Nikarudi Muleba Jumapili moja, mawingu yameshaanza kujikusanya ziwani. Nilijua ndiyo nafasi ya mwisho.

Niliyavuna machipukizi asubuhi, nikayaloweka ili mchanga utoke kwenye zile ncha, maana unajificha humo. Kisha ukishika shina huku na huku ukalikunja, linavunjika lenyewe pale ulaini unapoanza. Chini ya hapo ni kuni, mpe mbuzi. Yale mashina manene niliyamenya ganda kidogo kwa kisu cha kumenyea ndizi.

Mpango ulikuwa kikaango, siagi, kitunguu saumu na limao, kama kwenye video. Nikawasha jiko la gesi, likafanya "fyuu", likazima. Mtungi mtupu.

Moto uliobaki ni wa mafiga, na juu yake kuna sufuria ya mama ya ndizi na maharage, imefunikwa kwa majani ya mgomba. Ile sufuria ikishafunikwa haifunuliwi ovyo. Hilo tunalijua tangu utotoni.

"Mama, naomba moto kidogo."

"Ndizi zangu zitoke mafigani zipishe maua?"

Sijui aliona nini usoni mwangu, maana alivuta jani la mgomba, akalipitisha kwenye moto likalegea, akanitupia.

"Funga humo."

Nikapanga asparagus ndani ya jani, chumvi, samli kidogo, nikafunga. Ndizi zilipokaribia kuiva, mama akainua ukingo wa mfuniko wa majani, nikakilaza kifurushi juu ya ndizi, akafunika.

Hapo ndipo nilipoteseka. Kila nikinyoosha mkono nichungulie, mwiko unatua kwenye vidole.

"Unafunua funua, umedondosha pete humo?"

"Zitaiva kupita kiasi!"

"Basi tutakula zilizopita kiasi."

Zilipotoka hazikufanana na video yoyote. Ncha mbili tatu zilikuwa laini kuliko nilivyotaka. Nyingine zilikuwa za kijani, zimesimama, zinanukia samli na jani. Nikaanza hotuba yangu ya kuomba radhi: gesi imeisha, limao halikutumika, kawaida haziwi hivi...

"Kula, waitu," mama akasema, kwa neno letu la kubembelezana. "Chakula hakiombewi msamaha."

Alichukua moja kwa vidole, akachovya kwenye mchuzi wa maharage, akala. Akachukua ya pili. Shangazi aliponyoosha mkono, mama akavuta sahani upande wake.

"Wewe si ulizitaka za kanisani?"

Baada ya kula akachukua jembe akatoka. Nikajua anakwenda kung'oa asparagus yangu. Nikamfuata mpaka kibanjani. Aliupita mstari wangu, akaenda ng'ambo, karibu na kahawa, akaanza kuchimba mashimo ya migomba.

"Utasimama hapo utazame tu? Leta miche."

Nililolipata, wakuu: mboga ngeni usiipikie watu kama mtihani. Iingize kwenye sufuria wanayoijua, na umwache mwenye sufuria afanye kazi yake.

Wenye uzoefu wa asparagus, hasa nyie wa Karagwe na Lushoto, tupieni hapa mnavyoipika. Na kama kuna aliyewahi kuila na senene, wale panzi wetu wa kuliwa, aseme ukweli.

Kwa sasa asparagus iko kibanjani, mama anaivuna hata nisipokuwepo. Na mimi nikipika, napakua bila hotuba, nakaa chini, nakula na wenzangu.