Kiti cha Namba Mbili

Saa kumi na mbili asubuhi. Mzee wa Maharusi anafungua mlango wa gari lake jeupe, anainama, anabonyeza kitufe chenye namba mbili ubavuni mwa kiti cha dereva. Mota inanguruma chini kwa chini. Kiti kinasogea mbele, kinapanda juu, kinasimama karibu kabisa na usukani, kama kinamsubiri mtu mfupi aje aketi.

Hakuna anayeketi. Mzee anachukua kipande cha mti alichokikata kwa kipimo, anakibana kati ya kiti na pedali ya breki, kisha anazunguka nyuma kutazama taa. Zinawaka zote.

"Zamani nilikuwa namuuliza mke wangu, mama, umekanyaga? Yeye ananijibu, nimekanyaga, au unataka nitoboe sakafu?" anasema. "Siku hizi namuuliza mti."

Mtaani wanamwita hivyo, Mzee wa Maharusi, kwa sababu kazi yake ni kukodisha gari la kubebea maharusi. Analo moja tu. Ni sedani ya mbio, injini ya silinda sita yenye turbo, aliyoinunua mtumba baada ya wenyewe wa kwanza kula nyama yote na kumwachia mifupa.

"Watu wanaona rangi inavyong'aa, wanasema mzee ana hela," anasema. "Waje wafungue boneti."

Hesabu zake hazifanyi kwa pesa, anazifanya kwa harusi. Koili na plagi, harusi moja. Shokapu za mbele, harusi tatu, nazo hazimalizi mwaka kwa matuta yasiyopakwa rangi ambayo wakubwa wameyamwaga barabarani. Gari la chini kama hili kila tuta linalipasua tumbo. Oili akiiziba huku, inachomoza kule. Turbo ilipoanza kupiga mluzi na kutoa moshi wa buluu, mapato ya msimu mzima yalikwenda na moshi huo. Petroli ya vituoni imechanganywa na mafuta ya taa, nozeli zinaziba, na yule anayelipwa mshahara kuipima anapita kwenye gari la serikali, kioo kimepandishwa. Ushuru wa kipuri nao mara nyingine unazidi bei ya kipuri chenyewe.

"Wanaopanga ushuru hawajawahi kununua plagi maishani mwao," anasema Mzee. "Gari likiwakoholea, wanaletewa jingine."

Dereva hakuwa yeye. Dereva alikuwa mkewe. Bibi harusi akimwona mwanamke mwenzake kwenye usukani, roho inatulia. Mama yule alikuwa anafunga utepe kwenye boneti, anapanga maua, anamfuta bibi harusi machozi bila kuharibu poda. Mume kazi yake ilikuwa kulala chini ya gari.

Gari lenyewe mama alilipa jina: mke mwenza. Kila asubuhi alitoka na kikombe chake cha chai akauliza, "Mke mwenzangu ameamkaje leo? Anataka nini tena?" Mume akijibu kwamba anataka redieta, mama anaguna: "Mimi sijanunuliwa hata kanga, yeye anataka redieta!"

Halafu akaanza kuumwa tumbo. Hospitali kuu ilikuwa na mashine mpya ya kupiga picha za ndani ya mwili. Yeye aliijua vizuri, kwa sababu gari lake ndilo lililokodiwa kumleta mkubwa aliyekuja kuizindua, na utepe aliokata mkubwa huyo aliukunja yeye kwa mikono yake. Mkubwa akakata, akapigwa picha, akaondoka. Mashine ikabaki na nailoni yake, haina mtaalamu. Mama aliambiwa arudi mwezi ujao. Mwezi ujao akaambiwa ujao. Ugonjwa ulipokuja kupata jina, ulikuwa umeshamaliza kazi yake.

"Utepe tulikunja sisi," anasema Mzee. Kisha anafuta kioo alichokwisha kukifuta.

Mwaka huu gari limepata maradhi mapya: linakunywa betri. Jioni zima, asubuhi limekufa. Mwezi uliopita liligoma mbele ya ukumbi, bibi harusi ndani. Mjomba wa bibi harusi alilisukuma na suti yake, jasho linamtiririka, akauliza, "Mzee, sisi ndio tumekodi gari, au gari ndilo limetukodi?"

Fundi umeme alishinda siku nzima akichomoa fyuzi moja baada ya nyingine, mpaka akafika kwenye kisanduku kidogo chini ya kiti cha dereva. Ndicho kinachokumbuka kila mtu anavyokaa. Namba moja ni Mzee, na miguu yake mirefu. Namba mbili ni mkewe.

"Mzee, hiki hakilali," fundi alimwambia. "Watu wote wamelala, chenyewe kiko macho kinanyonya betri."

"Basi tuko wawili."

"Tukitoe. Kipya utakiweza?"

Fundi alitaja bei. Mzee akahesabu: harusi kumi na mbili, bila ushuru.

"Ukikitoa tu, kiti kinakuwaje?"

"Kinaganda pale pale kilipo. Hakiendi mbele, hakirudi nyuma. Kiweke unavyokaa wewe, nikate, Jumamosi uko kazini."

Jumamosi kuna harusi, na malipo ya awali yameshanunua betri mpya. Mzee alimwambia fundi aje leo.

Na leo fundi amekuja, koleo mkononi. "Namba moja, siyo mzee?"

Mzee anatazama mlango wa nyumba. Binti yake wa pekee anatoka, amevaa sare ya duka la dawa anakofanya kazi. Leseni anayo, mama yake ndiye aliyemfundisha, lakini tangu mazishi hajagusa usukani. Gari halitaji hata kwa jina lile la utani. Analiita "lile."

"Nimesema nakuja kutazama tu," anasema.

"Tazama ukiwa umekaa," anasema baba yake.

Binti anaingia. Mikono anaiweka mapajani kwanza. Magoti hayagusi usukani. Miguu inafika.

"Vipi?"

"Kinanitosha, baba." Anatazama juu. "Hiki kioo nani kakigeuza? Kinaangalia paa."

"Mimi. Kigeuze."

Anakigeuza. Mzee anamwambia fundi, "Kata."

Mpango wao ni huu: siku za kazi binti atabaki dukani, Jumamosi ataendesha. Mzee atakaa pembeni, ashike maua. Anajifunza kufunga utepe, kazi ambayo mpaka sasa imemshinda. Fundo lake, anasema binti, ni la kufungia mbuzi. Ya mashine ya hospitali hana mpango nayo. Bado ina nailoni.

Fundi anafunga mkoba wake. Kipande cha mti kimebaki chini, karibu na tairi. Mzee anazunguka nyuma ya gari.

"Umekanyaga?"

Taa zinawaka.

"Nimekanyaga, baba."

Mzee anabaki amesimama kwenye ule mwanga mwekundu. Hamwambii aachie.