Sili Tatu za Gari Jekundu

Siku niliyofukuzwa gereji ya Busia, upande wa Kenya, nilikuwa nimelala chini ya gari jekundu la milango miwili, oili ikinidondokea shavuni. Sauti ya mwenye gari niliisikia kabla sijaviona viatu vyake.

"Nani amegusa gari langu?"

Mzee, fundi mkuu aliyekuwa amenifundisha kazi kwa miaka minne, hakusita hata kidogo. "Ni huyu msichana. Nilimwambia awe mwangalifu na ile sili. Ameiweka vibaya."

Nikajiburuta nikatoka. Walikuwepo wateja watatu kwenye benchi, mafundi wenzangu, na mama anayetuuzia chai. Mwenye gari alikuwa wakala wa forodha pale mpakani, mtu wa mashati meupe na simu mbili mkononi. Alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, kisha akamgeukia Mzee. "Hii mikono ya kusonga ugali ndiyo mnaipa injini yangu?"

Watu wakacheka. Mzee naye akacheka. Halafu akaniambia nipige magoti niombe msamaha.

Kwetu Mella, upande wa Uganda, mwanamke hupiga goti kumsalimu mkubwa, na sijawahi kulionea aibu jambo hilo. Lakini goti la siku ile halikuwa la salamu. Nililipiga kwenye changarawe iliyolowa oili, nikasema nisamehe bosi, na nilipoinuka Mzee akaninyooshea mkono. "Vua ovaroli." Niliivua mbele yao, nikavuka mpaka kwa miguu nikiwa na sketi yenye madoa.

Sili yenyewe ni pete ya mpira tu. Inakaa nyuma ya injini, mahali inapoungana na gia boksi, kuzuia oili isitoke. Ili uifikie lazima ushushe gia boksi nzima. Kwenye gari lile nilikuwa nimeishusha mara tatu. Mara zote tatu nilisafisha, nikapaka oili mdomo wa sili, nikaigonga taratibu kwa kipande cha mbao, huku na huku, mpaka ikakaa sawa. Na mara zote tatu, baada ya wiki mbili au tatu, oili ilirudi. Ile ya tatu Mzee aliikagua mwenyewe kabla hatujafunga. Aliizungushia kidole, akasema, "Hapo sasa." Hilo ndilo lililokataa kushuka kooni.

Nilipata kazi Malaba, kwenye maegesho ya matrela yanayosubiri kuvuka. Huko nilijifunza jambo ambalo Mzee hakuwahi kunifundisha, kwamba injini inapumua. Ndani yake kuna moshi na mvuke unaotafuta njia ya kutoka, na kuna bomba dogo la kuutolea. Dereva wa trela akilalamika kwamba oili inavuja, kitu cha kwanza tulichofanya ni kufungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma, tuone inapumuaje. Baadaye nikafungua kibanda changu cha mabati Tororo, kando ya barabara ya kwenda Malaba. Kazi ilikuja. Watu walisema yuko mwanamke pale anayetengeneza vilivyowashinda wengine.

Mimi nilimkumbuka Mzee kila siku. Wengine huimba wakiwa kazini. Mimi nilikuwa nikikaza nati namtaja yeye, moyoni, na nati zangu zilikaza vizuri sana.

Asubuhi moja gari jekundu likaingia.

Mwenye gari hakunitambua. Nilikuwa nimenenepa kidogo, na pengine hata siku ile hakuniangalia usoni. Alinieleza shida zake kama mgonjwa. Sili ya nyuma ilikuwa imebadilishwa mara saba, Busia, Bungoma, hadi Kisumu. Sasa oili ilitoka mbele pia, na juu. Alitembea na debe la oili kwenye buti, na popote alipoegesha alitandika kwanza kipande cha boksi. Mke wake alikuwa amemkataza kuliingiza uani.

"Mama fundi, nisaidie," alisema. "Gari hili nalipenda."

"Nitalitazama," nikamwambia. "Lakini nafanya kazi mwenye gari akiwepo. Utaona kila kitu kwa macho yako."

Huo haukuwa utaratibu wangu. Niliutunga pale pale, ili nimwone amelala chini.

Tuliiosha injini yote hadi ikang'aa, tukaiacha ikauke, kisha nikapulizia poda ya mtoto kila mahali panapoungana. Nikamwambia aliendeshe hadi njia panda ya Iyolwa na arudi. Aliporudi nililiinua kwa jeki, nikaweka magogo, nikampa tochi na kioo.

"Ingia."

"Mimi?"

"Gari ni lako."

Aliingia na shati lake jeupe. Nilichuchumaa pembeni nikasubiri, na sitasema uongo, ilikuwa starehe.

"Unaona nini?"

"Poda imelowa. Huku nyuma." Akasogea. "Na mbele hapa. Na kuna mstari unashuka kutoka juu."

"Sili ngapi zinavuja?"

"Kama zote."

"Sasa niambie, sili zote zinaweza kuharibika pamoja?"

Mwanga wa tochi ukarudi nyuma, ukaja mbele tena. Ukibadilisha sili moja ikavuja, laumu sili au laumu mkono. Zikivuja zote, kuna kitu ndani kinachozisukuma.

Nikamtoa, nikamwambia awashe injini. Nilifungua kifuniko cha oili, nikavisha tundu lile glavu ya mpira, ile nyembamba ya hospitali. Haikuchukua muda. Vidole vilisimama kimoja kimoja, kisha glavu nzima ikavimba kama kiwele cha ng'ombe, ikafyatuka ikaangukia mabati. Kwenye injini isiyo na tatizo, glavu ile ingelala, au hata ingenyonywa ndani kidogo.

"Gari lako limezibwa pua," nikamwambia.

Nilifuata bomba la kupumulia kutoka juu ya injini. Lilipita chini ya njia ya hewa, mahali ambapo macho hayafiki mpaka ufungue vitu vingine kwanza. Nilipolichomoa nilihisi uzito. Nilikata klipu, nikalikamua, na bolti ikanidondokea kiganjani. Ilikuwa imeviringishiwa kipande cha tyubu ya baiskeli na kufungwa waya wa shaba, mizunguko mitatu, ncha zimekunjwa kwa ndani.

Niliujua ule waya kama mwandiko. Kwa miaka minne nilikuwa nimemwona Mzee akifunga hivyo kila kitu, mabomba, betri, hata mlango wa stoo.

Nilikaa juu ya tairi. Nikamwambia mwenye gari mimi ni nani.

Aliinama akanitazama usoni. "Ulikuwa wewe?"

"Mimi. Wa mikono ya kusonga ugali."

Uso ulimbadilika. Akaanza kusema pole, mama, siku ile nilikuwa na hasira. Nilimkatiza. "Usiniombe msamaha hapa, hapa hakuna anayesikia. Uliniambia mbele ya watu. Jumamosi utanipeleka Busia, utasema mbele yao hao hao. Kabla ya hapo siifungi hii injini."

Najua hiyo ilikuwa kumshika koo mteja. Nilimshika.

Jumamosi asubuhi tulikwenda na pikapu ya ofisi yake. Gereji ilikuwa imejaa, kama nilivyotaka. Mwenye gari alisimama katikati, akasema kwa sauti kwamba siku ile alinikosea, kwamba kosa halikuwa langu. Alisema vizuri, namheshimu kwa hilo. Kisha mimi nikaweka bolti juu ya benchi.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa ile ni kazi ya nani. Fundi mmoja aliinyanyua, akautazama waya, akairudisha taratibu. Mwingine akacheka puani.

Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi. Usiku kadhaa nilikuwa nimepanga majibu yote. Mzee alitazama bolti, akafuta mikono kwa kitambaa, akasema, "Ni yangu. Gari lilikuwa linatoa moshi, mteja ananisumbua. Nikaziba, moshi ukakoma. Sikujua itasukuma sili."

Neno hilo, sikujua. Nilikuwa nimembeba miaka yote hiyo kama mtu mwerevu aliyeniangamiza kwa makusudi, kumbe hakujua. Hasira yangu ilikosa pa kukaa kwa muda kidogo, halafu ikapata pa kutua.

"Kama hukujua, mbona ulisema ni mimi?"

Alikikunja kile kitambaa, akakikunjua.

"Uliikagua ile sili mwenyewe. Ulisema hapo sasa. Mbona ulisema ni mimi?"

Akakitia mfukoni.

"Piga goti," nikasema.

Mama wa chai aliweka birika chini. "Binti yangu, huyo ni mtu mzima."

"Nami nilikuwa mtu."

Mzee alishika ukingo wa benchi, akainama polepole, goti moja likagusa changarawe. Ningependa kusema nilimwinua. Sikumwinua. Nilimtazama hadi nikaridhika, kisha nikamwambia mwenye gari twende.

Gari nililimaliza wiki iliyofuata. Moshi ule wa zamani ulitokana na kivalvu, kifuniko kidogo cha kufungua na kufunga bomba la kupumulia, kilichokwama wazi na kuacha oili inyonywe. Nilikibadilisha, nikaweka bomba jipya na sili mpya zote. Tangu hapo halijadondosha hata tone. Mwenye gari huniletea wateja, nami nawapokea, ila akija yeye mwenyewe namweka wa mwisho kwenye foleni, na hajawahi kulalamika.

Habari ilimfikia mama yangu Mella. Hakunisemesha wiki nzima. Aliponisemesha, aliniambia mtu aliyenipa kazi mikononi hadhalilishwi mbele ya vijana anaowafundisha, niende nikamsalimie. Nikamwambia nitakwenda.

Huwa napita Busia kununua vipuri. Gereji iko palepale, ila wateja wamepungua. Nikipita, Mzee huinua macho, nami nayatazama mpaka ayashushe. Mama akiniuliza kama nimekwenda kumsalimia, namjibu bado.